Barua ya wazi kwa mafundi wa magari: msiizime taa ya breki ya haibridi kabla hamjajua kilichoiwasha

Mafundi wenzangu wa Gerezani, Ilala na Tandale, wa Kirinyaga Road kule Nairobi, ninyi mliofungua gereji kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na wenye yadi mnaotuletea magari tuyaweke sawa kabla hayajauzwa,



Nawaandikia kuhusu taa tatu za dashibodi: ile nyekundu ya breki, ile ya njano yenye herufi ABS, na ile nyingine ya njano ya mfumo wa breki za kielektroniki. Kwenye Prius, Aqua, Axio na Fielder za haibridi, ambazo sasa zimejaa barabarani kwetu, taa hizi zikiwaka pamoja mteja anakuja gereji roho ikiwa juu. Wengi wanaondoka taa zimezimwa na ugonjwa ukiwa palepale. Ombi langu naliweka mbele ili hata asiyesoma mpaka mwisho awe amelipata: msifute namba za hitilafu wala msibadilishe spea yoyote ya breki za haibridi kabla kompyuta ya breki haijasomwa, na kilichosomwa kiandikwe, mwenye gari akabidhiwe.

Breki ya gari la kawaida tunaijua kwa vidole. Mguu unakanyaga, busta inaongeza nguvu kwa vaku ya injini, masta silinda inasukuma mafuta, kalipa inabana diski. Pedali ikizama unajua pa kuanzia. Haibridi haiwezi kutegemea vaku hiyo, kwa sababu injini yake huzimika hata gari likiwa linatembea. Tena ina breki za aina mbili ndani ya gari moja: mota ya umeme inayogeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa, na breki za mafuta tulizozizoea. Anayegawa kazi kati ya hizo mbili ni kompyuta. Dereva akikanyaga, sensa zinapima pedali imeshuka kiasi gani na mafuta yana presha gani, kompyuta inaamua mota ivute kiasi gani na kalipa zibane kiasi gani. Hata ule uzito ambao dereva anausikia mguuni unatengenezwa na kifaa maalumu, ili pedali ifanane na ya gari lolote. Ndiyo maana fundi akikaa kwenye kiti, akakanyaga mara mbili na kusema breki ipo, hajapima kitu.

Presha ya mafuta inatengenezwa na pampu ya umeme na kuhifadhiwa kwenye akyumuleta, chombo cha chuma chenye naitrojeni upande mmoja na mafuta ya breki upande wa pili. Kazi yake ni ile ya tangi la maji juu ya nyumba: pampu inajaza kisha inalala, na ukifungua bomba chini maji yanatoka kwa nguvu bila pampu kuamka kila mara. Tangi likivuja, pampu haipumziki. Ule mlio mnaousikia mteja akifungua mlango wa dereva, kabla hata hajagusa swichi, ni pampu inajaza presha, na hauna ubaya wowote. Nimeona vijana wakiufuata mlio huo kama ugonjwa. Mlio wa kuogopa ni ule unaojirudia wakati hakuna anayekanyaga. Weka gari kwenye P, liwashe mpaka neno READY litokee, zima redio na feni, ondoa mguu kwenye pedali, kisha nyamaza usikilize. Pampu ikijaza ikanyamaza, endelea kutafuta kwingine. Ikiwa inarudi kila baada ya sekunde chache, presha inavuja ndani ya mfumo au akyumuleta imepoteza gesi yake, na hakuna pedi wala diski itakayoponya hilo.

Hili halikuanzia kwenye gereji zetu. Juni 2013 Toyota yenyewe iliyaita magari yapatayo 242,000 duniani, Prius na Lexus HS 250h, kwa sababu akyumuleta iliweza kupata ufa na kuiachia naitrojeni iingie kwenye mafuta ya breki, pedali ikalainika na gari likachelewa kusimama. Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 2010, ilikuwa imeyaita magari ya haibridi zaidi ya 400,000 kwa sababu nyingine kabisa: programu ya ABS. Hapo hakuna chuma kilichopasuka, marekebisho yalifanyika ndani ya kompyuta. Madereva wa makundi yote mawili wangefika kwetu na neno lilelile, "fundi, breki hazishiki vizuri." Na fundi anayeanza na pedi angewauzia wote pedi. Magari haya yanatufikia kutoka Japani yakiwa yametumika, na gari lililoitwa kiwandani si lazima liwe lilipelekwa. Namba ya chasisi inaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Ni kazi ya dakika chache, na mteja anastahili kufanyiwa.

Sasa kuhusu mashine. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu vimetusaidia sana, nami sivibezi. Lakini vingi, pamoja na programu za bure, vinaongea na kompyuta ya injini tu. Kompyuta ya breki haviiulizi. Matokeo yake fundi anamwonyesha mteja skrini iliyoandikwa kwamba hakuna hitilafu, huku kwenye dashibodi taa tatu zinawaka, kisha anahitimisha kwamba taa zenyewe ndizo mbovu. Tafuteni mashine inayoingia kwenye ABS na breki za kielektroniki. Kama gereji moja haina uwezo, gereji nne zichangie moja. Na hata pasipo mashine, Toyota nyingi zinakubali njia ya zamani: unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha gari, na taa za breki zinaanza kupepesa tarakimu. Hesabu matundu kwa makini kabla ya kuchomeka, maana la 16 lina moto wa betri moja kwa moja.

Ukishasoma, namba zinakupunguzia mitaa ya kuzungukia. C1391 inasema presha ya akyumuleta inavuja kupita kiasi. C1252 inasema pampu inafanya kazi muda mrefu mno. C1256 inasema presha imeshuka. Hizo zikija pamoja, na mlio wa pampu niliousema ukasikika, ushahidi umekaa vizuri: tatizo liko kwenye pampu na akyumuleta au kwenye valvu za akyueta, kile kifaa kinachogawa presha ya breki. Lakini C1253 ikiwa peke yake inazungumzia rilei ya mota ya pampu, na rilei ni spea ya bei ndogo. Kwenye Prius ya kizazi cha pili rilei hizi ziko kwenye boksi la fyuzi kwenye chumba cha injini. Ni uonevu kumtoza mtu akyueta nzima kwa rilei iliyoungua miguu. Zipo pia C1259 na C1310, na hizi zinawachanganya wengi, kwa sababu kompyuta ya breki hapo hailalamikii breki. Inasema upande wa umeme mkubwa una shida, kwa hiyo haiwezi kuitegemea mota kuvuta gari. Ukihamia kompyuta ya haibridi unaweza kukuta P0A80, betri kubwa imechoka. Mteja aliyefuata taa ya breki anaondoka na ukweli ambao hakuutarajia, lakini ni ukweli.

C1241 naitenga, kwa sababu nadhani ndiyo iliyowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote. Inahusu umeme mdogo. Haibridi ina betri ya volti 12 ambayo haizungushi injini, kwa hiyo ikichoka husikii ule uvivu wa stata tuliouzoea. Gari linawaka kama kawaida, ila kompyuta zinapata umeme pungufu wakati wa kuamka na taa zinawaka kama za sherehe. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu betri hii iko nyuma upande wa kulia, na kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, ndiyo maana wapo wamiliki wasiojua kama ipo. Ipime kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Gari limelala, betri nzima inakupa kama volti 12.6. Likiwa READY unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Chini ya hapo, shughulikia betri, kebo na nati zake, halafu usome namba upya. Kipimo hiki kinafanywa na mita ambayo kila fundi umeme anayo mfukoni.

Niwape mfano wa gari moja. Aqua ya kijana anayebeba abiria wa programu za simu iliingia ikiwa na taa zote tatu na kengele isiyonyamaza. Ilikuwa imepita gereji mbili. Ya kwanza ilimbadilishia pedi za mbele, ya pili ikamuuzia masta silinda ya mtumba, na kila mara namba zikafutwa, taa zikazima, akatoka barabarani akazunguka siku kadhaa kabla hazijarudi. Nilipofungua boneti, mafuta ya breki yalikuwa yamefurika kwenye kichupa na kumwagika juu ya rangi, rangi ikaanza kuvimba. Kisa chake ni rahisi. Kwenye mfumo huu kiwango cha mafuta kinashuka akyumuleta ikijaa na kupanda presha ikiachiliwa, na mtu alikuwa ameongeza mafuta mpaka alama ya juu huku presha ikiwa juu. Betri ndogo ilikuwa nzima. Gari likiwa limetulia kabisa, pampu iliunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena kabla sijamaliza kufuta mikono. Kompyuta ilikuwa na C1391 na C1256. Kumbukumbu zinazohifadhiwa pamoja na namba, zile zinazoonyesha gari lilikuwa kwenye spidi gani na volti ngapi hitilafu ilipotokea, zilikuwa za siku ileile tu. Za wiki zote za nyuma zilishafutwa. Kijana yule alikuwa ameshalipa matengenezo mawili, na siku zote hizo alibeba watu.

Kwa hiyo ninaposema msifute, sisemi kwa ajili ya utaratibu wa makaratasi. Anayefuta anamfungia macho fundi atakayefuata.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, mara nyingi mambo ni mepesi. C0200, C0205, C0210 na C0215 zinakutajia gurudumu: kulia mbele, kushoto mbele, kulia nyuma, kushoto nyuma. Angalia waya ulipokatikia, uchafu wa chuma kwenye sensa, na beringi mpya. Magari mengi ya sasa yana beringi yenye sumaku upande mmoja, na ikipigwa nyundo au kufungwa kinyume sensa haioni kitu. Taa nyekundu ikiwa peke yake, anza na handbreki na kiwango cha mafuta, ila ukikuta mafuta yameshuka usiongeze ukamwacha mteja aende. Angalia pedi zimebaki kiasi gani na kama kuna mahali panapovuja. Kwa sababu mota inafanya sehemu kubwa ya kazi, pedi za haibridi hudumu sana, na hapo ndipo ukanda wetu wa pwani unapoleta jambo lake: diski zinashika kutu na pini za kalipa zinaganda kwa kukaa bila kazi. Pedi nene zisikudanganye kwamba kalipa inatembea.

Yapo ya kuwalinda ninyi wenyewe. Presha ndani ya akyumuleta inazidi presha ya tairi zaidi ya mara 50. Usilegeze paipu yoyote ya upande huo bila kuiachilia presha kwa utaratibu wa gari husika. Na unapobadilisha pedi, kumbuka kwamba kufungua mlango au ufunguo kusogea karibu kunaweza kuiamsha pampu. Pistoni zinasukumwa huku vidole vyako vikiwa ndani ya kalipa. Zima gari, ufunguo upelekwe mbali, ondoa kebo ya hasi ya betri ndogo, mpe mwanafunzi wako kazi ya kuhakikisha hakuna anayegusa mlango, subiri dakika kadhaa ndipo uanze. Kutoa hewa nako si kule kwa "kanyaga, shikilia, achia" peke yake. Sehemu ya mfumo inatolewa hewa kwa mashine kuiendesha pampu na valvu, na ukifunga akyueta, mpya au ya mtumba, kompyuta inatakiwa kufundishwa upya valvu zake. Fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo asiipokee kazi hiyo. Akyueta ya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa siikatai, maisha yetu yanajulikana, lakini isomwe ikiwa bado kwenye gari lake la zamani, na kama haiwezekani, mteja aambiwe kabla hajalipa kwamba umri wake haujulikani.

Wenye yadi, hapa naomba mnisikilize kwa moyo mweupe. Mnajua gari linavyofika, linaoshwa, linapigwa polishi, na fundi anaitwa "kusafisha dashibodi". Namba zikifutwa, taa zinakaa zimezimika mpaka mfumo ujipime tena na kukuta hitilafu ileile, na mnunuzi wakati huo yuko njiani kwenda Dodoma na familia. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakaiunganisha taa ya ABS na taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja. Mnunuzi anaweza kugundua hilo akifungua swichi: taa zote za onyo zinatakiwa ziwake kwa sekunde chache kisha zizime zenyewe, na isiyowaka kabisa, au ile inayozima sekunde moja na mwenzake kila mara, huenda imechezewa. Lakini kwa nini mnunuzi awe mpelelezi? Karatasi moja yenye namba zilizosomwa kutoka kompyuta ya breki, ikabidhiwa pamoja na kadi ya gari, ingetosha. Aqua nyingi, tena, zinaandika onyo lake kwa Kijapani. Mwenye gari anaona maandishi yanawaka asiyoyajua na anazoea kuyaona. Mtafsirieni yale ya breki angalau, siku ileile ya kumkabidhi ufunguo.

Kuna anayejibu kwamba gari lenye taa hizo bado linasimama. Ni kweli, mtengenezaji aliacha njia ya dharura. Kwenye Prius ya kizazi cha pili, mfumo ukikata, nguvu ya mguu inapelekwa moja kwa moja kwenye magurudumu ya mbele, bila msaada na bila magurudumu ya nyuma. Mjini kwenye foleni, mwanamume mwenye nguvu analisimamisha. Lishushe gari hilo mlima Kitonga kule Iringa likiwa na watu watano na mizigo. Mteremko ni mrefu, betri kubwa inajaa na kukataa kupokea umeme zaidi, mota inaacha kuvuta na kazi yote inarudi kwenye mafuta. Hapohapo ndipo akyumuleta iliyopoteza gesi inapoitwa kazini, mbele yake kuna lori la Zambia linatambaa.

Kwa walimu wa VETA nina neno fupi. Wekeni akyueta moja ya haibridi mezani, iliyokatwa, wanafunzi waione ndani. Kijana aliyeiona akyumuleta ikiwa wazi hatahitaji barua hii.

Limebaki gumu zaidi, la mteja asiye na fedha. Umesoma, umethibitisha, akyueta imekwisha, na bei yake imemfanya akae kimya. Ataomba umzimie taa ili afanye kazi apate hela ya kuitengeneza. Ombi hilo linauma, kwa sababu mara nyingi gari ndilo shamba lake. Msikubali. Mwambieni bei ya mpya na ya mtumba, mkubaliane alipe kwa awamu kama mnaaminiana, mlihifadhie gari gereji bila kumtoza maegesho, mumsaidie kutafuta spea. Akisisitiza kuondoka nalo, gari ni lake, lakini liondoke taa zikiwaka, na kwenye risiti andikeni namba za hitilafu, tarehe, kilomita, na maneno haya: breki za gari hili hazijatengenezwa, lisibebe abiria. Nakala moja ibaki kwenu, na asaini zote mbili.

Wenu katika kazi,

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam